Samaki wangu analia: nimfute?

SWALI: Asalaam aleikum, Maalim. Nina miaka 22, asubuhi nauza vitumbua na jioni nachora. Nimekuletea picha tatu: ng'onda kwenye sahani ya bati, shelisheli la kuchoma lililopasuliwa, na boflo kwa chai. Rangi naziweka nzito, mistari inapinda, na ng'onda nimemtia buluu na wekundu. Shangazi anasema samaki analia, hawezi kula mbele yake. Duka moja la Mji Mkongwe wamenirudishia zote, wanataka majahazi na tembo. Kaka yangu anasema mtindo huu unaitwa ekspreshonizimu na ni wa Wazungu. Nirudi kuchora vitu vilivyonyooka? — S., Wete

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usimfute. Na shangazi yako mbusu mkono, maana watu wazima wangapi husimama mbele ya picha ya kitoweo wakakosa hamu ya kula?

Kaka yako jina amelipata. Mwaka 1905 wanafunzi wanne wa usanifu majengo huko Dresden, Ujerumani, waliunda kikundi chao, Die Brücke, wakaacha kuchora kitu kinavyoonekana wakachora kinavyowachoma. Hayo yanatosha kwa leo. Ninayetaka umjue wewe ni mchoraji Chaim Soutine. Alizaliwa 1893 katika kijiji karibu na Minsk, Belarus ya leo, akaingia Paris 1913 bila senti. Mnamo 1916 alichora samaki aina ya herring kwenye sahani, na uma mbili zimewaelekea. Zitazame uma zile: meno yake yamepinda kama vidole vya mtu mkavu anayenyoosha mkono kuomba. Hakuna mtu kwenye picha, lakini mwenye njaa yumo. Naye Soutine aliteswa na vidonda vya tumbo hadi vikamuua mwaka 1943. Mtu wa namna hiyo humtazama samaki kwa jicho jengine.

Sasa nikuseme kidogo. Ng'onda wako ni wa kweli: umemkaribia, umeona alivyopasuliwa mgongo, chumvi ilivyoganda kwenye mbavu. Buluu yake naiamini. Shelisheli siliamini. Umelipaka rangi ya chungwa kwa kuwa umesikia mtindo huu unataka rangi za kelele. Nenda jikoni ukalichome jengine. Ganda halina weusi mmoja. Pale moto ulipokaa sana huwa jivu, pembeni hubaki kahawia, na ukilipasua ndani ni manjano ya kufifia, na mvuke unakupiga usoni. Ukitaka kuzidisha, zidisha hicho ulichokiona. Na kile kisahani chenye maua ya dhahabu chini ya kikombe, mwanangu, si ni cha wageni? Chora kikombe unachonywea wewe kila siku, na pengo lake.

Umeuliza pia, kwa mwandiko mdogo nyuma ya picha, ufanyeje samaki mbichi asikuharibikie. Mwaka 1925 Soutine alitundika mzoga mzima wa ng'ombe chumbani mwake na akawa anaumwagia damu ili wekundu urudi. Majirani wakapiga kelele kwa uvundo hata wakubwa wa afya wakaja. Mimi sikufika huko, lakini nilinunua pweza Darajani, nikamlaza juu ya kawa ya ukindu nikaanza kazi. Saa mbili baadaye kahawia yote imekwenda, amebaki kijivu kama kitambaa cha kudekia. Siku ya pili mwenye nyumba akagonga mlango. Mke wangu hakusema kitu, alimchukua kwa ncha za vidole akaenda kumtupa, na mpaka leo akiniona natoka na kikapu huuliza: "Wa kula au wa kuchora?" Kwa hiyo mbichi mmalize kwa kikao kimoja, rangi za nyama kwanza, sahani na meza utazifuata kesho. Ng'onda atakungoja mwezi mzima ukimfunika inzi.

Majahazi chora ukihitaji pesa ya rangi, si aibu. Mimi nimelisha watoto kwa tembo ambao sijapata kuwaona kwa macho.

SWALI: Turubai ni ghali. Nichore juu ya nini? — Msomaji, Chake Chake

JIBU: Hadibodi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mnamo 1968 alitumia ubao wa namna hiyo na rangi za kupakia baiskeli, na picha zake zipo hadi leo. Mwambie fundi seremala akukatie vipande vilivyobaki, piga msasa, paka rangi nyeupe mara mbili. Chora upande laini. Ule wenye alama za wavu unameza rangi.