Hatifungani ya kijani, hela yangu inalindwa na serikali?

SWALI: Habari za kazi. Mimi mama wa hapa Tanga, juzi tumevunja kikoba nimepata mil 2, sasa kuna jamaa ananambia nikanunue hatifungani ya kijani maana CMSA, ile mamlaka ya masoko ya mitaji, wakishaipitisha basi hela ipo salama kama ya serikali. Ni kweli? Na hicho kijani nani anahakikisha, si mtu anaweza kujiita tu?
Mama wa Chumbageni

JIBU: Pole na majukumu mama. Hatifungani ni mkopo unaompa mtoaji, yaani anayeiuza, akulipe riba na mwisho akurudishie hela yako, na ikiitwa ya kijani hela inatakiwa iende kwenye miradi ya mazingira. Jamaa yako kachanganya mambo mawili. CMSA wakipitisha maana yake wamekagua ule waraka wa matarajio, kwamba mtoaji kaweka wazi hesabu zake, madeni yake na hela inaenda kufanya nini, hawajasema akishindwa kulipa serikali itakulipa. Hatifungani ambazo serikali yenyewe ndo mdaiwa ni zile zinazouzwa na Benki Kuu.

Angalia ile ya hapo kwenu, ya mamlaka ya maji Tanga 2024, bilioni 53.12, miaka 10, riba 13.5% kwa mwaka, na watu walinunua mpaka lengo likapitwa. Hela ya kuwalipa wawekezaji inatoka kwenye mapato ya maji, kwa iyo cha kuuliza kwanza ni je watu wanalipa bili, na maji kiasi gani yanapotea njiani kabla hayajafika bombani? Wengi wanaona iyo 13.5 tu wanasahau kuuliza.

Kuhusu kijani, mtoaji anaandika mpango wa matumizi, mhakiki wa nje anaupitia, halafu baada ya mauzo inatakiwa ripoti ya matumizi. Shida yangu mimi ipo hapa, kanuni za kimataifa zinazofuatwa na wengi ni za hiari. Umoja wa Ulaya wana sheria yao imeanza kutumika Desemba 2024, ukitaka kutumia jina lao la hatifungani ya kijani lazima ufuate masharti, na wahakiki nao wanasajiliwa na kusimamiwa. Natamani sana na huku mtu akichukua hela ya maji akajengea ofisi abanwe kisheria, sio kuombwa maelezo tu!

Ukiamua kununua nenda kwa broka mwenye leseni, jamaa usimpe hela mkononi kabisa. Na kama ada ya watoto imo humo kwenye mil 2 itoe kwanza, maana ukitaka hela yako kabla ya muda itabidi upate mnunuzi pale DSE (soko la hisa la Dar es Salaam), na siku iyo bei inaweza ikawa chini ya uliyonunulia.