Vivuli vinavyojikunjua vyenyewe: pambo au kazi?

Mkuu, umeuliza kama vivuli vya kujiendesha kwenye ofisi vinapunguza joto kweli au ni mbwembwe tu. Vinapunguza. Itazame minara miwili ya Al Bahar, Abu Dhabi, iliyokamilika 2012: kila mmoja una vivuli zaidi ya 1,000 vya mfano wa miamvuli nje ya vioo, wazo lile lile la mashrabiya za Waarabu, zile kinga za mbao zenye matundu zinazowekwa madirishani. Asubuhi jua likipiga mashariki, miamvuli ya upande huo inakunjuka, likihama, inajikunja. Siri ni hapo nje. Pazia la ndani linalikuta joto limeshapita kioo, kiyoyozi kinabaki kuhangaika. Lakini kila mwamvuli una mota yake, na mota huharibika! Kwa hizo ghorofa nne zako Kariakoo, mimi ningejenga vibao vya zege visivyosogea.