Kabla ya kuwasha kache ya pamoja, jua nani mwingine anaandika

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mifumo huku Mtwara, wengi mtakabidhiwa Hibernate, fremuweki ya Java inayosoma na kuandika hifadhidata kwa niaba ya programu yako, kabla hamjapata mtu wa kuwaeleza inavyofanya kazi. Mfumo utakuwa wa chama cha ushirika au wa ghala. Oktoba, msimu wa korosho ukifunguliwa, utaanza kuburura miguu, na mtu ofisini atasema, "Washa kache basi."

Kache ni nakala ya data inayowekwa karibu ili hifadhidata isiulizwe kila mara. Za entiti, yaani vitu vya Java vinavyowakilisha rekodi za hifadhidata, ziko mbili. Ya kwanza ipo tu, hata usipoiomba: kila sesheni, yaani kipindi kimoja cha kazi na hifadhidata, inakumbuka entiti ilizokwisha kuzisoma, na ikifungwa kumbukumbu hiyo inaondoka nayo. Ya pili inakaa kwenye SessionFactory, kiwanda kinachozalisha sesheni, na sesheni zote zinachota humo. Hiyo ndiyo ya pamoja. Kwenye Hibernate, entiti zako haziingii humo mpaka uziruhusu na uchague kitunzaji, mfano Ehcache au Infinispan. Kwenye EclipseLink, fremuweki nyingine ya aina hiyo, imewashwa tangu mwanzo, kwa hiyo ukirithi mfumo wa watu angalia kwanza una ipi.

Vijana huuliza jedwali gani linasomwa sana. Ni swali zuri, ila lina mkubwa wake: nani mwingine anaandika humo? Chukueni stakabadhi ya ghala. Inasema kilo mia tano, nawe unaiamini kwa sababu mzigo hautoki bila karatasi kuguswa. Magunia yakitolewa mlango wa nyuma, karatasi itaendelea kusema kilo mia tano. Kache nayo inaamini kwamba kila badiliko limepita kwenye fremuweki. Skripti ya SQL ya usiku, mhasibu anayepakia Excel moja kwa moja kwenye hifadhidata, programu nyingine inayorudisha majibu ya benki: hiyo yote ni milango ya nyuma.

Kwa hiyo orodha ya vyama vya msingi, vijiji na maghala, weka. Hubadilika kwa nadra, na hubadilishwa kwenye skrini moja. Madaraja ya korosho yape READ_ONLY, yaani kache ya kusoma tu. Atakayejaribu kuyahariri atakutana na kosa, na ndivyo inavyotakiwa. Salio la mkulima na hali ya malipo, usiweke. Karani akikupigia kutoka Newala, "Mwanangu, kuna mzee hapa dirishani, benki wanasema kalipwa, skrini yako inasema bado," utamjibu nini?

Bei ya mnada ndiyo inayowachanganya wengi. Wanaona inabadilika kila mnada, wanaiogopa. Lakini inategemea umelichoraje jedwali. Ukiwa na rekodi moja unayoiandika upya kila mara, hatari ipo, na historia ya bei umeifuta kwa mkono wako. Ukiandika rekodi mpya kwa kila mnada, bei iliyokwisha kukubaliwa haiguswi tena, na READ_ONLY inaifaa. Mimi nikisikia malalamiko ya kache, naomba kwanza kuona majedwali.

Kache ya kwiri, inayotunza matokeo ya swali lililoulizwa hifadhidata, huwashwa kando, na mimi huiacha imezimwa. Matokeo yakiwa ni entiti, kwenye Hibernate 5 na za nyuma yake inatunza namba zake za utambulisho tu. Huko, kama entiti zenyewe hazimo kwenye kache, orodha ya wakulima 200 inaweza kuzaa safari 200 za hifadhidata, moja moja. Tena jedwali lolote la kwiri hiyo likibadilika, matokeo yote yanahesabiwa yamechacha. Wakati wa kupokea mzigo jedwali la mizani halitulii, hivyo utakuwa unatunza vitu vya kutupa.

SQL ya moja kwa moja ndani ya Hibernate ina tabia yake. Ukifanya UPDATE bila kutaja entiti au jedwali unaloligusa, inafuta kache yote, maana haijui umeharibu wapi. Taja kwa addSynchronizedEntityClass. Mkiongeza seva ya pili, Ehcache ya ndani ya kila seva haina habari na ya mwenzake. Hapo tafuteni kache inayosambaza mabadiliko. Safu ya @Version, yenye namba ya toleo la rekodi, itazuia rekodi iliyochacha isiandikwe juu ya mpya, ila haitamzuia karani kuisoma.

Ukishawasha, washa pia hibernate.generate_statistics, inayohesabu kache inavyotumika, na uangalie kila eneo la kache siku yenye foleni. Likiwa linakosa kuliko linavyopata, liondoe bila huruma. Na hata kabla ya kuwasha chochote, piga EXPLAIN, amri inayoonyesha hifadhidata inavyoitafuta data, kwenye kwiri inayolalamikiwa. Mara nyingi utakuta jedwali la mizani halina indeksi ya namba ya mkulima, na dawa yake ni mstari mmoja wa SQL.