Anasoma vizuri lakini haelewi

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tano. Anasoma kwa sauti bila kukwama, ila ukimuuliza habari inahusu nini, kimya. Akiambiwa afupishe, ananakili sentensi za mwanzo. Nimsaidieje? – Mama wa Igoma, Mwanza

JIBU: Mama, kutamka maneno na kuelewa habari ni stadi mbili tofauti, na hii ya pili ndiyo inayobeba masomo yote kuanzia darasa la nne. Chukua habari ya maneno kama 120. Aisome kwanza kimya, bila kalamu. Akirudia, kila aya ikiisha afunge kitabu na kukuambia kwa sentensi moja. Hapo kwenye kufunga usilegeze: kitabu kikiwa wazi, jicho linanakili. Kisha aziandike sentensi zake na kuziunganisha kwa “kwa hiyo” au “hata hivyo”, zisizidi maneno 40. Orodha aiweke katika neno moja; “sangara, sato na dagaa” wawe “samaki”.

Muulize pia maswali ambayo jibu halijaandikwa waziwazi. Habari ikisema, “Mwezi ulikuwa mpevu, mitumbwi ya dagaa ikabaki ufukweni,” muulize kwa nini. Lazima aunganishe maandishi na anachokijua: dagaa huvutwa kwa taa, na mbalamwezi huidhoofisha taa. Akijibu, mwambie akuonyeshe neno lililompa fununu. Asipoliona, alibahatisha, hata kama amepatia.

Makosa ya “l” na “r” yasahihishe mwishoni. Ukimkatiza kila mstari, anapoteza maana.