Chombo kisichowahi kuelea

Wiki hii mmetuuliza: "Kazi ya mikono unayoifanya kwa kujifurahisha, ungekubali kuiuza?" Swali limenichoma, kwa kuwa kila anayepita barazani kwangu akanikuta na tezo mkononi huniuliza hilo hilo. Huviangalia vijahazi vilivyopangwa dirishani, kisha huniambia, "Mwalimu, si ungekuwa tajiri wewe!" Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Lamu, na Mombasa nimekaa tangu ujana. Natengeneza vyombo vidogo vya bahari, majahazi na mashua, vya urefu wa mkono mmoja au kuzidi kidogo. Jibu langu ni hapana, siuzi. Lakini linaloniwasha zaidi ni jambo ambalo hamkuliuliza: kitu kikishatoka mkononi mwa aliyekitengeneza, kilitengenezwa kikafanye kazi gani?

Chombo kidogo nakijenga kwa utaratibu ule ule wa kikubwa. Nalaza mkuku kwanza, ule mti mkuu wa chini, nasimamisha mti wa omo, yaani mbele, na wa tezi, yaani nyuma, napandisha mbao za chini, ndipo natia mataruma, mbavu za chombo, na kuendelea na mbao za juu. Matundu natoboa kwa keekee, drili ya upinde niliyoachiwa na mjomba wangu, fundi wa kijiji cha Matondoni, Lamu. Upinde unakwenda na kurudi, ncha inakula mti taratibu, na ubao mwembamba haupasuki. Nimewaona vijana wakitumia drili ya umeme kwenye ubao wa unene wa kidole, na ubao unachanika ukiangalia hivi hivi. Kisha kalfati, kuziba mishono. Hapa wengi hupaacha, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo: uzi wa pamba uliorowa mafuta ya nazi unasukumwa katikati ya ubao na ubao kwa patasi butu, kidogo kidogo, mpaka mshono ukatae kupokea zaidi. Ukishindilia sana, ubao unafunguka. Ukilegeza, maji yanaingia. Chini napaka deheni ya mafuta na chokaa. Tanga ni la marudufu, kitambaa kizito cha pamba, limeshonwa kwa mkono.

Mjomba hakuwahi kunisifia chombo kikiwa juu ya jamvi. Alikuwa akikipokea, anakipindua, anapitisha kidole kwenye mishono, anakirudisha. "Nenda nacho majini," basi. Niliporudi ndipo aliponiuliza: kilikaa vipi, kililalia upande gani, kiliingiza maji wapi. Hakuna swali jingine aliloniuliza kuhusu kazi zangu za utoto, na mpaka leo sina jingine ninalojiuliza.

Sasa nieleze kwa nini nikaacha kuuza, maana kuna wakati niliuza.

Miaka kadhaa iliyopita, msimu wa kaskazi, alinijia kijana mwenye adabu zake, mnunuzi wa hoteli moja ya ufuoni ambayo sitaitaja. Akanipa shikamoo, akavua viatu, akakaa jamvini, akapokea kahawa na kipande cha halua. Alitaka jahazi la kuwekwa ukumbini. Nilikuwa nalo moja limekwisha kila kitu ila kutiwa maji. Akalipenda papo hapo, akatoa pesa.

Nikamwambia, "Ngoja maji yajae alasiri, nilijaribu, kisha uende nalo."

"Mzee wangu, cha nini kulijaribu? Litakaa mezani."

Nikamwambia kwamba sijapata kulitoa nyumbani jahazi nisilolijua tabia yake. Akacheka kwa heshima, akapiga simu kwao kusema atachelewa, tukateremka pamoja mkondo wa Tudor. Nililiweka majini likiwa tupu. Likalala upande wa kushoto, kama ninavyotarajia kwa chombo kisicho na farumi, uzito wa kukituliza. Nikaanza kutia vijiwe, viwili karibu na kalibu, pale mlingoti unaposimama, kimoja nyuma zaidi, nikakisogeza, nikaongeza kingine. Yule kijana akapinda suruali akaingia majini akanishikia tezi. Hakuna aliyemwambia aingie. Nikafunga demani, kamba ya kuongozea tanga, mahali ninapopajua, nikageuza omo kwenye joshi, upande unaotoka upepo, nikaachia.

Likaenda. Upepo wa alasiri mnaujua, haupigi kwa pupa. Tanga likajaa, jahazi likainama kidogo, likakata maji sawasawa, watoto waliokuwa wakiogelea wakalifuata wakipiga kelele, na yule kijana akawa anakimbia nao kando ya maji, suruali imelowa mpaka mapajani. Alipolirudisha alikuwa ameliweka kifuani kwa mikono miwili. Aliniuliza majina ya kila kitu njia nzima ya kurudi. Siku ile niliona nimeuza vizuri kuliko nilivyowahi kuuza kitu chochote, na sikuwa nikifikiria pesa.

Baada ya miezi, mpwa wangu akaolewa, na karamu ikafanywa katika hoteli ile ile. Naingia ukumbini, nalikuta jahazi langu kwenye meza ya pembeni, linawaka. Walikuwa wamelitoboa chini, katikati ya mkuku, tundu la kupita kidole gumba, wakapitisha waya wa umeme na kutia balbu ndani. Marudufu yameondolewa, wametia kitambaa chembamba cha kung'aa ili mwanga upite. Farumi zimetupwa. Na mlingoti, ambao kwa desturi ya majahazi yetu huinamia mbele, mtu alikuwa ameunyoosha wima na kuushika kwa gundi. Bila shaka aliona umepinda, akaona anasaidia.

Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo. Niliinama nikaliangalia lile tundu kutoka chini kwa muda mrefu, watu wanapita na sahani za biriani. Lilikuwa tundu safi, aliyelitoboa alijua kutumia kifaa chake. Mbao mbili zilizokutana na mkuku zilikuwa zimeachana, na kalfati niliyoisukuma kwa wiki nzima ilikuwa inaning'inia kama nyuzi za nguo iliyochakaa. Jahazi lile lingetiwa maji siku hiyo lingezama papo hapo.

Nilipokuwa bado nimeinama akaja kijana mhudumu, mtu wa bara, mwenyeji wa Kitui kama alivyonieleza baadaye, akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia jahazi hili nimelijenga mimi. Akaliweka chini sinia lake.

"Mzee, mimi ndiye ninayelifuta vumbi kila asubuhi. Hizi kamba zote ni za nini?"

Nikamwonyesha. Hii ni henza, ndiyo inayopandisha foromali, mti unaofungwa tanga. Hii ni demani, ndiyo unayoishika ukitaka tanga lipokee upepo au likatae. Nikamweleza kwa nini mlingoti ungepaswa kuinamia mbele, foromali inavyozungushwa chombo kikigeuza, na nahodha anavyosoma upepo kwenye ncha ya tanga. Akatoa kikaratasi cha kuandikia maagizo ya vinywaji, akaandika majina yote, akaniuliza herufi za "foromali". Aliitwa na mkubwa wake, akaenda, akarudi. Aliitwa tena, akarudi tena. Mke wangu alinitafuta hadi karamu ikawa inaelekea mwisho.

Kuanzia siku hiyo sikuuza. Nimewapa watu vijahazi, wajukuu na majirani, na kimoja nimempa imamu wetu anayependa bahari, lakini kuuza nilikomesha.

Nilipoanza kuandika jibu hili nilikusudia liishie hapo: msiuze, mnunuzi hajui alichonunua. Lakini kuna mtoto wa kaka yangu kule Lamu, anayejenga vijahazi vya kuwauzia wageni kwenye barabara ya ufukoni, naye ameshanijibu kabla ya gazeti hili. Vyake ni vyepesi, havina kalfati, lakini milingoti yake inainama inavyotakiwa, nami hilo namsifia mbele za watu. Amewasomesha wadogo zake wawili kwa kazi hiyo. Aliniambia, "Ami, kwani mjomba wako aliwahi kumiliki jahazi? Alijenga, akauza, mnunuzi akaenda nalo anakotaka."

Ni kweli, na neno hilo limenikaa. Mjomba alijenga vyombo vya watu maisha yake yote na hakuwa na hata mtumbwi. Majahazi aliyoyajenga yalipakia boriti za mikoko, na baada ya serikali ya Kenya kupiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, mengine yalibebeshwa mchanga na mawe ya ujenzi, na mengine yakatiwa mashine na viti vya watalii. Hakuna aliyerudi Matondoni kumwomba ruhusa. Sikumsikia kamwe akilalamika kwamba mwenye jahazi ametoboa mahali. Alichotaka kujua ni kama lilitoka kwake likiwa linaelea.

Mnaikumbuka Flipflopi? Mafundi wa Lamu walichukua takriban tani 10 za taka za plastiki na kandambili kama 30,000 zilizookotwa, wakajenga chombo cha mita 9 kikateremshwa majini mwaka 2018. Wangeweza kukisimamisha uwanjani watu wapige picha. Mwanzoni mwa 2019 wakakitia tanga wakaenda nacho kutoka Lamu mpaka Unguja. Nilifuatilia safari ile kila siku redioni na kwenye simu, na nilipata furaha ambayo sikuipata kwa kuziona picha za ujenzi wake.

Mmeuliza pia mipango. Ninao mmoja mkubwa, ngalawa ya mirengu miwili kama za Tanga itasubiri. Nataka kujenga mtepe. Vijana wengi hata jina hawajalisikia, kwa kuwa mitepe ilikwisha kutoweka karne iliyopita haijafika katikati. Ni chombo kilichoshonwa chote kwa kamba ya nazi, hakina msumari hata mmoja, tanga lake la mraba ni mkeka wa miyaa, na omo yake ndefu imetokeza mbele. Vyombo vya kushonwa vya pwani yetu vimetajwa katika kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kwa hiyo tunazungumzia ufundi wa karibu miaka 2,000. Unguja ulijengwa mtepe mzima mwaka 2003, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho, nami niliwahi kusimama kando yake nikihesabu mishono. Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka. Tangu nisikie habari ile mpango wangu umekuwa na haraka.

Makumbi nimekwisha kuyafukia matopeni yaoze, nipate usumba wa kusokotea kamba nyembamba. Dada yangu kule Lamu ananisukia ukili wa tanga, chane zake nyembamba kuliko za msala, na amenionya nisimharakishe. Kila tundu la kamba litazibwa kwa kijiti baada ya kushona, na vijiti hivyo nimeanza kuvichonga jioni baada ya swala ya isha, maana vinatakiwa vingi mno. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi ubao utakavyonepa. Mtepe ulikuwa ukinepa baharini, hiyo ndiyo sifa yake, na sina uhakika kama mwembe wa unene wa kidole utakubali.

Huo siuzi. Hilo halijabadilika.

Hivi vingine, nimeandika mpaka hapa na ukali wangu umepungua. Yule mnunuzi alishuka nami mkondoni akalowa. Yule mhudumu wa Kitui aliandika "foromali" kwenye karatasi ya vinywaji, na jahazi hilo asingelijua kama lisingekuwa mezani pale, na balbu yake. Bado naona uchungu nikilikumbuka lile tundu, wala simwambii mwenzangu yeyote kwamba uchungu wake si wa haki. Anayefuma kitambaa cha kroshia akakikuta kimefanywa tambara la kufutia jiko ana haki ya kununa. Na mwenye mtoto anayedaiwa karo auze tu, asinisikilize hata kidogo.

Mimi nitauza tena, vichache, kwa atakayekubali kushuka nami mkondoni maji yakijaa na kukiona chombo chake kikielea kabla hajakilipia. Nitamwandikia majina ya sehemu zote, na vijiwe vya farumi nitamfungia katika kitambaa ajue ni vyake. Na kama anacho kichwani mwake kutia balbu, aniambie mapema. Tundu linaweza kupitishwa juu, kwenye sitaha nyuma ya mlingoti, waya ukateremka kwa upande wa tezi bila kuugusa mkuku. Nitamtobolea mwenyewe, kwa keekee.