Kaka yangu anatamani kufa: je, ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh wetu. Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Giza hili la mwezi, wakati wa kuvua dagaa, wenzake wameingia ziwani, yeye kalala kageukia ukuta. Chakula hagusi, swala kaacha, anasema heri afe. Ndugu wanasema imani imepungua, wengine ana jini. Mwaka jana jirani yetu alijiua, akazikwa bila kuswaliwa. Nifanye nini? Na yule alitendewa haki?

JIBU: Wa alaykumu salaam dada yangu. La kaka yako haliwezi kungoja, naanza nalo.

Leo hii, mkiwa wawili tu, muulize waziwazi: "Kaka, unafikiria kujiua?" Watu huogopa kwamba kuuliza ni kumtia wazo. Sivyo, aliyelibeba peke yake hupata ahueni akipata wa kumwambia. Akikubali, asilale peke yake hata usiku mmoja, na kamba, visu, sumu ya panya na dawa za shambani vitoke nyumbani. Kisha mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, leo hiihii, na mtamke kwamba anataka kufa. Mkiona haya mkasema tu "mwili hauna nguvu, hali chakula", atapimwa malaria na kurudishwa.

Akiandikiwa vidonge vya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), avitunze mtu mwingine, ampe dozi kwa dozi. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na hapo ndipo familia nyingi huharibu: siku ya tano wanasema dawa haifai, wanaitupa. Wengine huacha akishaanza kucheka, ugonjwa ukarudi. Kwa kawaida huendelea kumeza miezi 6 au zaidi baada ya kupona, na kuacha ni kwa ruhusa ya daktari.

Kuhusu imani: Nabii Yaaqub alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yakawa meupe (Qur'ani 12:84). Bi Maryam, uchungu wa uzazi ulipompeleka kwenye shina la mtende, alisema laiti angekufa kabla ya hayo (19:23). Nani atathubutu kusema hao walipungukiwa imani? Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa. Msomeeni Fatiha, Falaq na Naas, ni kheri tupu. Lakini msomaji atakayemchapa "kumtoa jini", au atakayekataza vidonge, msimfungulie mlango. Wala msimkaripie juu ya swala. Mletee maji ya udhu pale alipo, uswali karibu naye.

Sasa jirani. Kujiua ni dhambi kubwa, Qur'ani imekataza (4:29). Ila dhambi kubwa haimtoi mtu katika Uislamu. Katika madhehebu yetu ya Shafi huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa makaburi ya Waislamu. Waliomnyima swala wameshika hadithi iliyo katika mkusanyo wa Imam Muslim, kwamba Mtume hakumswalia aliyejiua kwa mishale. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Shafi, ameieleza: Mtume alijizuia yeye ili kuonya watu, masahaba wakamswalia. Nasi hatujui akili ya jirani ilikuwaje saa ile. Aliyeondokewa na akili kalamu imenyanyuliwa kwake, yaani haandikiwi dhambi.

Faradhi ile haijatekelezwa. Waambie wanaume wa mtaa waende kaburini wamswalie, takbira 4 kama maiti yeyote, kisha wapite kwa mama yake wampe pole aliyonyimwa mwaka jana.