Kabla hujatafuta ufadhili, tafuta mhariri

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Shikamoo dada, nasoma mawasiliano ya umma mwaka wa kwanza, naomba unielekeze fursa." Nikiuliza fursa gani, naambiwa ufadhili wa kwenda nje, semina, au nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye chombo kikubwa cha habari. Na mimi huwauliza swali lile lile: una mhariri?

Sisemi mwalimu wa kukupa maksi. Nasema mtu aliye kazini, ambaye ukimpelekea habari leo, kesho anakurudishia imejaa alama za kalamu.

Nilisoma Mwanza, kule Malimbe. Chuo chetu kilianza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Tulikuwa na redio yetu pale pale chuoni, na mwaka wa kwanza wote sikuingia studio hata siku moja. Niliamini ni ya wenye sauti nzuri, na hakuna aliyeniambia vingine. Mwaka wa pili nikaenda fildi kwenye chombo kimoja cha mjini. Wiki tatu nilipokea wageni, nilitumwa vocha, nilipanga magazeti ya zamani. Kila nilipouliza lini nitaandika niliambiwa nisubiri. Sikuwa na hata habari moja ya kuweka mezani niseme, hii hapa, niliandika mimi.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja, mhariri wa redio nyingine, tuliyekutana kwenye mkutano wa waandishi ambako nilikuwa nimetumwa kushika maikrofoni. Nilimwamkia, nikamwomba anisomee habari moja tu. Ilikuwa ya soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, na ilianza hivi: "Wafanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni lililopo Kirumba jijini Mwanza wameiomba serikali kuwaangalia kwa jicho la tatu kufuatia changamoto mbalimbali zinazowakabili."

Akachukua kalamu nyekundu. Juu ya "wafanyabiashara" akaandika: wangapi, umeongea na nani? Kwenye "changamoto mbalimbali" akaandika: zipi? "Jicho la tatu" alilikata mstari mmoja mnyoofu, hakusema kitu. Chini kabisa akaandika: mvua ikinyesha dagaa wako juani, nani anaumia?

Kesho yake nilikuwa Mwaloni kabla jua halijachomoza. Nilimkuta mama ameinama anachambua dagaa waliolowa siku mbili mfululizo. Walikuwa wameshageuka rangi na kuanza kunuka. Aliniambia hao hawaliki tena, atawauza kwa watu wa chakula cha kuku, na bei yake hairudishi hata pesa aliyokopa kwenye kikoba. Aliyasema hayo huku mikono inaendelea na kazi. Habari ikaanza upya: mvua ya siku mbili imegeuza magunia manne ya dagaa wa mama mmoja kuwa chakula cha kuku. Ilisomwa jioni ile ile. Ndiyo karatasi ya kwanza kwenye faili langu.

Sasa angalia hizo fursa mnazoniuliza. Mfuko wa vyombo vya habari, TMF, ulioanza mwaka 2008, umewapa waandishi ruzuku za kufanya habari za kina na kuwawekea mshauri wa kuwafuatilia. Tuzo za umahiri wa uandishi wa habari, EJAT, zinazosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania zinapima kazi zilizokwisha kuchapishwa au kutangazwa. Tuzo ya BBC ya kumkumbuka mtangazaji wake kutoka Ghana, Komla Dumor, iliyoanza mwaka 2015, ni ya mtu aliyekwisha kuwa kazini. Ufadhili wa masomo wa Chevening wa Uingereza unataka shahada na saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Zote zinaomba jambo moja kabla ya mengine, tuone ulichofanya. Ulichofanya hakitoki bila mhariri. Ndiyo maana naanzia kwake.

Unampata wapi? Anza na redio ya chuo, na usisubiri kuitwa. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenzenu wana redio na televisheni. Bisha hodi wiki ya kwanza, omba hata kazi ya kupanga taarifa. Ukishazoea, nenda klabu ya waandishi wa habari ya mkoa ulipo, zile zilizo chini ya muungano wao wa kitaifa, UTPC. Huko utawakuta waandishi wanaolituma jina la mkoa wenu kwenye magazeti ya kitaifa kila siku, na wengi hawana kiburi ukiwaendea kwa heshima na ukafika kwa wakati.

Lakini ushauri ninaoupenda kuliko yote ni redio za jamii. Tunagombania vyombo vya Dar es Salaam, ambako mwanafunzi wa fildi anaweza kumaliza muda wake bila mhariri kulijua jina lake. Ukienda Sengerema, Pangani, au Orkonerei kule Simanjiro, watu ni wachache na kazi ni nyingi. Asubuhi unatoka na kinasa sauti, mchana unakata sauti, jioni unasoma taarifa, na usiku wasikilizaji wanakusimamisha njiani kukuambia kijiji umekitamka vibaya. Mimi likizo iliyofuata nilivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga nikakaa upande wa Sengerema wiki sita. Nilirudi nikijua kuandika kwa sikio, maana mtu anayesikiliza redio huku akipalilia hawezi kurudia sentensi iliyompita.

Kwa wanaoandika zaidi kuliko kutangaza, kuna shindano la Stories of Change la jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, lililoanza mwaka 2021. Unaandika kwa Kiswahili, na wasomaji wanakujibu hapo hapo. Ukikosea takwimu utaambiwa mchana kweupe. Inauma, lakini inafundisha.

Pesa. Najua wengi mnaishi kwa bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, na bumu likichelewa hata nauli ya kwenda kwenye tukio haipo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, tangu ilipoanza kazi mwaka 2005, ndiyo tegemeo la watoto wa wakulima kama mimi. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku. Mkopo una vipengele vyake, na kimojawapo ni mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo kabla ya kwenda fildi uliza kama umepangiwa na ni kiasi gani. Hakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, usingoje wiki ya mwisho ya maombi. Chagua fildi penye ndugu wa kukulaza. Kama una akiba ndogo, nunua kwanza maiki ya kubana kwenye kola uichomeke kwenye simu. Kamera itakuja baadaye. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, sauti mbovu hataivumilia.

Mkitaka kuungana kufungua televisheni ya mtandaoni ya kurusha habari, piteni kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mjue masharti ya leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018 na zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja. Msitegemee alichosema rafiki.

Halafu kuna bahasha. Utaenda kwenye hafla, utaitwa pembeni, utapewa "nauli". Una njaa, bumu limeisha, na wakubwa wako wamechukua. Nakuambia kama mdogo wangu, usichukue. Mwambie mhariri wako mapema kwamba huna nauli, mpange namna. Ukichukua leo, kesho yule aliyekupa atakupigia kuuliza kwa nini umeandika ulivyoandika, na hutakuwa na jibu.

La mwisho ni zito, na nalisema kwa sababu halisemwi kwenye kikao cha kuwaandaa kwenda fildi. Wapo wanaotaka mwili wako ndipo wakupe nafasi, wakusainie ripoti au wakurushe hewani. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa kwa sheria ya rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Si uzembe wako, wala si mavazi yako. Tunza ujumbe wote aliokuandikia. Piga 113, ni namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. TAMWA, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987, wanalijua jambo hili na watakusikiliza. Mwambie pia mratibu wa fildi chuoni, akuhamishe. Hakuna habari, wala cheti, inayostahili ukae hapo siku moja zaidi. Na ninyi wavulana, mkiona mwenzenu amebadilika ghafla, hataki kubaki ofisini jioni, msimcheke. Kaeni naye mpaka atoke.

Ujumbe ukinitumia, usiandike tu kwamba unaomba fursa. Tuma na habari yenyewe, hata aya tatu, ya soko au zahanati iliyo karibu na hosteli yenu. Kalamu nyekundu ninayo. Nitasoma, na nitakurudishia.